Semeni Amtafutia Mbwa Nyumba

Semeni binti Masolwa hakupenda watu, na watu wa Tabora walilijua hilo kama walivyoijua njia ya stesheni. Ukimsalimia, alikutazama kwanza viatu, kisha uso, ndipo akaitika kama mtu anayetoa sadaka kwa kulazimishwa. Alisema binadamu ni kiumbe wa kuahidi tu. Mbwa haahidi, akikuchukia atakuuma leo leo, na akikupenda hakuambii subiri mwisho wa mwezi.

Alizaliwa Ntalikwa, kwenye mashamba ya viazi vitamu, mjukuu wa mpagazi. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani, akarudi na majora ya nguo za watu wengine, na mpaka anaingia kaburini bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko la pili. Semeni alikuwa akisema ukoo wao umekwisha kubeba mizigo ya watu, na yeye hambebei mtu hata kikapu. Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alimwacha, wa pili yeye ndiye aliyemwacha, akaona mambo yamekuwa sawasawa, akaja zake mjini.

Mjini alipata kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Mama mmoja wa Kizungu, mke wa mhandisi, alikuwa amejenga banda la mbwa wasio na wenyewe nyuma ya ofisi ya mifugo, akamweka Semeni awalishe na kuwafagilia. Uhuru ulipokuja yule mama alilia, akawabusu mbwa wote puani, mmoja mmoja, akapanda treni. Semeni, aliyekuwa amesimama pale pale na ufagio mkononi, hakupewa hata mkono. Hakuona ajabu. Banda likarithiwa na wakubwa wa mji kama walivyorithi saa za ukutani zisizokwenda: hakuna aliyejua la kulifanyia, na hakuna aliyethubutu kulivunja. Semeni akaendelea kupokea mshahara wake mdogo, mbwa wakaendelea kupata pumba na mifupa, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Kisha ukaja ule mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini. Malori yaliingia porini, watu wakapakia mabati, vinu, kuku na milango. Ndiyo, milango, waling'oa milango ya nyumba zao wakaenda nayo. Lakini mbwa waliolala nje ya milango hiyo waliachwa mahameni, wakilinda majivu. Semeni hakuwasamehe watu kwa jambo hilo. Mtu alimweleza kwamba askari walikuwa wakiharakisha na lori halikuwa na nafasi, naye akamjibu kuwa nafasi ya kinu ilipatikana.

Mmoja wa mbwa hao aliletwa na dereva aliyemkuta akikimbiza lori lake kwenye barabara ya Nzega. Alikuwa wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, miguu mirefu, sikio moja limekatwa nusu, na hakujua maana ya kukaa. Alfajiri vijana wa mgambo walipopita wakikimbia mchakamchaka na nyimbo zao, naye alikimbia sambamba nao ndani ya uzio, akibweka kwa kupokezana, akifika kona anageuka, akifika kona nyingine anageuka, na wao walipokwisha kwenda kunywa uji yeye alikuwa bado anakimbia. Semeni akamwita Mchakamchaka. Alisema angalau huyu anakimbia bila kuambiwa kuna wageni wanakuja.

Siku moja mbwa yule alisimama ghafla katikati ya mbio, akaanguka ubavu, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka. Wafanyakazi wa ofisi ya mifugo walipanda juu ya meza. Wote waliosomea wanyama, juu ya meza! Aliyemkaribia ni Bwana Kornel peke yake, mganga wa mifugo aliyekuwa hajamaliza hata mwaka Tabora, kijana mpole mwenye soksi nyeupe. Alimtazama mpaka akatulia, akamwambia Semeni, “Mama, huyu hana kichaa. Ana kifafa, kama wanavyopata watu.”

Akamweleza kwamba dawa yake ni vidonge, nusu asubuhi na nusu jioni, kila siku ya Mungu mpaka mwisho wa maisha yake, na kwamba siku vikikosekana ndiyo siku ataanguka vibaya. Vidonge aliviagiza mwenyewe Dar es Salaam. Semeni alivificha ndani ya tonge la ugali, akamshikilia mbwa taya, akamsugua koo mpaka ameze. Ukimtazama akifanya kazi hiyo, na jinsi alivyokuwa akimsema mbwa taratibu kwa Kinyamwezi, ungedhani ni mtu mwingine kabisa.

Mwaka huo huo mbwa mwenye kichaa, kichaa cha kweli, aliuma watu pembezoni mwa mji. Amri ikashuka: mbwa wote wasio na wenyewe wapigwe risasi, na banda lifungwe kabla wageni wa Saba Saba hawajafika. Kornel alimletea Semeni habari hiyo huku akitazama soksi zake. Alisema hana uwezo wa kuipinga, ila amri inasema wasio na wenyewe, kwa hiyo kila mbwa atakayepata mtu kabla ya siku hiyo amepona. Semeni akamuuliza kama shuleni aliwahi kufundishwa kusema hapana, au siku ya somo hilo alikuwa na homa.

Mbwa wengine walipata watu upesi. Wawindaji walichukua wenye pua nzuri, wenye maduka wakachukua wenye sauti nene. Akabaki Mchakamchaka.

Mtu atauliza kwa nini Semeni hakumchukua mwenyewe. Alikuwa amepanga chumba kwa Bi Thuraya binti Hilali, mjane wa ukoo wa Kiomani uliofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Chumba chenyewe kilifunguka uani, na uani ndiko kulikokuwa na mitungi ya maji na miswala iliyoanikwa. Semeni alimwomba. Bi Thuraya alimkaribisha kahawa, akamjibu bila kuzunguka: “Mimi naswali humu, Semeni. Akilamba mtungi mmoja nitauosha mara saba, na mara moja kwa udongo, na magoti yangu unayajua.” Semeni alimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Ingekuwa rahisi kumdharau kama angedanganya.

Waliodanganya walikuwa wengi, na hao aliwadharau kwa raha zake. Mwalimu mmoja alisema yuko tayari kabisa kumchukua, ila kwanza apumzike kukimbia. Muuza nyama alimtaka, lakini aliposikia habari za vidonge akauliza kama ngozi ya mbwa inafaa kitu. Mke wa karani mmoja mkubwa alikuja na mwavuli, akamtazama mbwa kwa mbali, akasema alikuwa anafikiria mwenye rangi ya maziwa. Semeni alimwambia anunue maziwa.

Na kila siku, katikati ya shida zote hizo, alipita Mwinshehe.

Mwinshehe alikuwa Mzaramo, mfupi, mnene, mwenye mguu mmoja mzito, aliyeletwa Tabora na reli na kusahauliwa na reli huko huko. Kazi yake ilikuwa kubadili njia za treni, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuvaa kofia yake ya kazi. Alikuwa na nyumba yake Ipuli, yenye ua mpana wa minyaa na mipapai miwili mitatu. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe wako Dar es Salaam wakiandika kwamba watakuja. Yeye na Semeni walikuwa watani, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu wa huku walipopita kule na mizigo yao. Mtani hukutukana mbele za watu, hukunyang'anya kitu ukimwona, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ameuaibisha ukoo mzima.

Wawili hao walikuwa hodari wa mchezo huo kiasi kwamba watu walisogea kusikiliza. Mwinshehe alimwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao, mtumwa aliyesahau mzigo wake. Semeni alimwita mla nazi, Mzaramo aliyeikimbia ngoma yake kwa sababu ya tumbo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na hao hawakuchagua. Huyo ndiye alikuwa mtu pekee ambaye Semeni alimngojea kila siku, ingawa ungemwambia hivyo angekurushia pumba.

Basi Mwinshehe aliposikia amri ya Saba Saba alisimama kwenye uzio, akamtazama Mchakamchaka akizunguka, akasema, “Nipe mimi huyu. Mnyamwezi anayekimbia bila mzigo sijapata kumwona.”

Semeni akamjibu kwamba kwa tumbo lile mbwa angemzunguka yeye tu na lisingehitajika shamba. Watu wakacheka, Mwinshehe akacheka, akaenda zake.

Alirudi siku nyingine akamkuta mbwa ameanguka. Aliingia ndani ya banda bila kuulizwa, akakaa chini kwenye vumbi na mguu wake mzito, akaweka kofia ya reli chini ya kichwa cha mbwa kisijigonge, akasubiri naye mpaka yakaisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yake, “Semeni, nipe mbwa huyu.”

“Umpike kwa nazi?” Semeni akasema.

Mwinshehe akamtazama. Angefanya nini? Mtani hawezi kusema umeniumiza. Hakuna neno la kusema hivyo. Ukilitafuta wanakucheka zaidi. Akacheka, akapangusa kofia yake, akaondoka. Semeni akamsonya mgongoni, akasema mwanamume huyu mtu anakufa yeye analeta mizaha. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Semeni siku ile macho yake yalikuwa Urambo.

Huko Urambo kulikuwa na kijiji kipya kilicholima tumbaku, na mwenyekiti wake, Bwana Silasi, alikuwa amepeleka habari mjini kwamba wanahitaji mbwa mwenye nguvu wa kulinda ghala na kufukuza nyani kwenye mahindi. Nguvu! Semeni alimfunga Mchakamchaka kamba mpya akapanda naye treni. Mbwa hakuruhusiwa kwenye behewa la abiria, kwa hiyo Semeni alikaa naye behewa la mizigo, juu ya magunia, mjukuu wa mpagazi akisafiri kama mzigo. Njia nzima mbwa alitaka kuruka nje akimbie sambamba na treni.

Bwana Silasi aliwapokea kwa hotuba. Alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, na kila alichosema alikisema mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya aliye mbele yake na mara ya pili kwa ajili ya taifa. Mkutano ukaitwa. Mchakamchaka akafunguliwa ili wanakijiji wamwone, naye hakuwaangusha: alikata uwanja mara kadhaa, akaruka mtaro, akakimbiza nyani mpaka mtini, akarudi ulimi nje. Watu wakapiga vigelegele. Kama mambo yangeishia hapo angekuwa amepata kwao.

Hayakuishia hapo kwa sababu binadamu wakiona kitu kizuri lazima wakijadili. Walijadili mbwa ni mali ya kijiji au ya balozi wa nyumba kumi atakayelala kwake. Walijadili kama chakula chake kitoke kwenye mahindi ya shamba la pamoja. Mmoja akauliza kama mbwa atahesabiwa siku za kazi kama mwanakijiji, na mwingine, mtu mzima mwenye mvi, akasimama kusema akihesabiwa basi lazima ahudhurie mikutano. Ikaundwa kamati. Jua likashuka, saa ya kidonge cha jioni ikafika, na Semeni, aliyekuwa amekalishwa kwenye benchi la wageni katikati ya hotuba, akawa anaogopa kusimama asionekane anadharau. Yeye, ambaye alikuwa amemdharau kila mtu tangu kuzaliwa, akachagua siku hiyo kuwa na adabu.

Mchakamchaka alianguka mbele ya meza ya mwenyekiti.

Povu lilipotoka, mkutano ule wa ndugu na wajamaa ulitawanyika kama kuku. Kisha wanaume wakarudi na majembe, wakipiga kelele kwamba ni kichaa. Semeni hakuwajibu. Alimlalia mbwa yule mwili mzima, akamfunika kwa khanga, uso wake kwenye povu, na majembe yakasimama juu yake. Akawaambia kutoka pale chini, bila kuinua sauti, kwamba wanaume wenye majembe mengi namna hii wangekuwa wamekwisha kulima mpaka Kigoma. Wakarudi nyuma.

Mbwa alipozinduka Semeni alieleza yote, kifafa na vidonge na nusu asubuhi na nusu jioni. Bwana Silasi alimsikiliza. Safari hii alisema mara moja tu, tena polepole. “Mama, zahanati yetu haina hata dawa ya homa. Wiki iliyopita tumezika mtoto. Nikisimama hapa nikaagiza vidonge vya mbwa, nitawatazama vipi wazazi wake?”

Semeni alikuwa amekuja na dharau ya kumtosha mwenyekiti na kalamu zake, na mwenyekiti akamjibu kama mtu. Alifunga kamba ya mbwa akaomba kuonyeshwa njia ya stesheni, na katika behewa la mizigo, kurudi, hakumtukana mtu yeyote.

Saba Saba ikawa imebisha hodi. Semeni alifika bandani asubuhi ya siku iliyotajwa, akamkuta Kornel amesimama na askari mgambo mwenye bunduki, wote wawili wakitazama ndani. Banda lilikuwa wazi. Kamba haipo, mbwa hayupo. Kornel alidhani Semeni amemficha, na Semeni alidhani wao wamekwisha kumpiga, akamshika kijana wa watu shati akamtikisa kwa maneno ambayo mgambo aliyasimulia mji mzima baadaye. Walipoelewana kwamba hakuna anayejua kitu, Semeni akashika njia. Alipita sokoni, akapita stesheni, akiuliza na kutukana kwa pamoja. Mpita njia mmoja ndiye aliyemwambia amemwona Mzaramo wa reli akiburutwa na mbwa kuelekea Ipuli, kofia imeanguka na hakurudi kuiokota.

Alimkuta Mwinshehe amekaa kwenye kigoda uani kwake, anahema. Mchakamchaka alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu na anauzunguka mpapai kwa kasi. Pembeni palikuwa na kibanda kipya cha mbao za masanduku, kimeezekwa bati, mlango umetazama mbali na upande anaoswalia mwenye nyumba. Kibanda hakijengwi asubuhi moja. Mtu alikuwa amekijenga polepole, muda ambao Semeni alikuwa akizunguka na treni.

Kornel na mgambo walifika nyuma yake. Kornel akasema kwa upole kwamba mbwa huyu alikuwa mikononi mwa serikali na ametolewa bila idhini, na hilo kwa kweli ni wizi. Mwinshehe hakusimama. “Bwana Mganga,” akasema, “hicho ni kitu cha mtani wangu. Kwenu watani wanaibiana?”

Mgambo, ambaye alikuwa Mnyamwezi, ndiye aliyeanza kucheka. Kornel akamtazama, akamtazama Mzaramo, akamtazama mbwa. Kwao nako kulikuwa na watani, na alijua hakuna mzee wala baraza litakalosikiliza kesi hiyo bila kumfanya yeye kuwa kichekesho. Akasema basi mbwa ana mwenyewe, na amri haimhusu. Akatoa kwenye mkoba wake kopo la vidonge, akamkabidhi Mwinshehe, akaondoka amenyooka zaidi kuliko alivyokuja.

Walipobaki wawili Semeni akamuuliza kwa nini hakusema. Mwinshehe akasema alisema, tena zaidi ya mara moja. Semeni alikaa chini kwenye mchanga na kujifuta jasho, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane wakakaa bila kutukanana mpaka jua likapanda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, husema watu, na wanalisema kwa kuonya. Hawasemi kwamba jipu likitumbuka mtu hupata nafuu.

Banda lilifungwa. Semeni akarudi Ntalikwa kwa kaka yake, akalima viazi, akakausha michembe, akawa anakuja kuiuza mjini. Kila alipokuja alipita Ipuli. Alisema anapita kuhakikisha yule mla nazi hajasahau vidonge. Hakuwa anasahau. Alikuwa anamwita mbwa kwa mluzi wa reli, anampa tonge lenye kidonge ndani, kisha anatoka naye kutembea pembeni mwa njia ya treni, na watu wa Ipuli wakazoea kuona mzee mnene akivutwa na kamba na mguu wake mzito ukija nyuma kwa wakati wake. Mara moja moja mbwa alianguka. Mwinshehe alikaa chini naye popote pale, hata katikati ya soko, akiwaambia wanaokimbia kwamba wao mbio zao hazina hata dawa.

Miaka michache ilipita hivyo. Kisha Mwinshehe akaugua kifua, hakuugua sana, akafa.

Wanawe walikuja kutoka Dar es Salaam wakiwa na suruali pana chini na haraka nyingi. Walitaka wazike, wauze nyumba, wawahi treni. Mkubwa wao alimwona Mchakamchaka, akasikia habari za kuanguka na povu, akasema mbele ya majirani kwamba mgambo aitwe amalize kazi hiyo jioni, baada ya maziko. Semeni alifika kutoka Ntalikwa na kikapu kichwani, akalisikia hilo mlangoni kabla hajaweka kikapu chini.

Sasa, Mzaramo akifia Unyamwezini, watani wake Wanyamwezi ndio wenye msiba. Ndio wanaomwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, ndio wanaozuia jeneza lisitoke mpaka wapewe wanachodai. Watu walijaa kumngoja Semeni, maana walijua hakuna atakayefanya kama yeye. Na alifanya. Aliweka mto tumboni, akatembea uani kwa mguu mzito, akaburutwa na kamba isiyo na mbwa, akapiga mluzi wa reli, akawafokea wanaokimbia. Wanawe wenyewe walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha jeneza lilipobebwa, Semeni akatupa mto, akalala chini kizingitini, akasema hawapiti.

Wakampa fedha. Akazisukuma. Wakampa khanga mpya, akaisukuma. Akasema anamtaka mbwa.

Kicheko kilipasua uwanja. Mwana mkubwa akasema kwamba Wanyamwezi kweli wana njaa. Semeni akainua kichwa kutoka kwenye vumbi, akamtazama kijana yule, akasema, “Leo sitanii, mwanangu. Nipeni yule mbwa. Nawaombeni.”

Wakacheka zaidi. Mtani gani mzuri asiyesema hatanii? Alianza kulia, na walicheka jinsi alivyojua kulia. Akaita jina la Mwinshehe, akagonga paji la uso kwenye kizingiti, akasema mtu wangu, mtu wangu amekufa, na mwanamke mmoja nyuma akasema hakuna kama Semeni, atawaua watu kwa kicheko. Aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja unaomwamini. Waliobeba jeneza walikuwa wakitetemeka kwa kucheka chini ya mzigo wao.

Mwana mkubwa alijifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na Mchakamchaka, akamrushia Semeni kamba. “Chukua, mtumwa wetu,” akasema. “Nenda ukamle.”

Kitu akishapewa mtani hakirudi. Semeni akasimama kizingitini, akajifunga kamba mkononi, akawapisha wamtoe mtu wao. Kisha akaishika njia ya Ntalikwa analia kwa sauti, mbwa akimvuta mbele, na watu wa Ipuli wakampigia makofi mpaka alipopotea.